Utafiti wa saratani ya matiti umesomwa duniani, je, Bariadi umefika?

MWAKA 2011 jarida la kitabibu la BMC Research Notes lilichapisha utafiti uliofanywa Bugando, jijini Mwanza, na jopo lililoongozwa na daktari wa patholojia, Peter Rambau, akiwamo pia daktari wa upasuaji, Phillipo Chalya. Walipekua kumbukumbu za maabara za miaka tisa, kuanzia 2002 hadi 2010, wakapata wagonjwa 328 waliothibitishwa kuwa na saratani ya matiti.

Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 49. Zaidi ya nusu walikuwa na uvimbe wa daraja la tatu, yaani ule ambao seli zake zimebadilika mno na hukua kwa kasi.

Mwaka 2014 Rambau, Nestory Masalu na wenzao, wakishirikiana na watafiti wa Italia, walitoa kazi nyingine, ndogo lakini nzito. Kati ya wagonjwa 52 waliochunguzwa, zaidi ya theluthi moja walikuwa na saratani isiyokuwa na hata kipokezi kimoja kati ya vitatu vinavyolengwa na dawa. Mgonjwa wa aina hiyo hanufaiki na vidonge vya kuzuia homoni, hata avimeze kwa uaminifu wa miaka mitano. Daktari asiyekuwa na kipimo hicho hutibu kwa kubahatisha.

Katika ulimwengu wa wasomi, uzito wa kazi kama hizi hupimwa kwa idadi ya watafiti wengine wanaozinukuu. Kipimo hicho si kibaya. Kwa muda mrefu mwanamke wa Kanda ya Ziwa alitibiwa kwa kutegemea takwimu za Ulaya na Marekani, na sasa anayo walau kurasa chache zinazomhusu yeye. Lakini kipo kipimo kingine, nacho ni kigumu zaidi: je, kurasa hizo zimebadilisha nini katika zahanati ya Itilima au Meatu?

Ikumbukwe kwamba katika miaka iliyochunguzwa mkoa wa Simiyu haukuwapo. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, Mwanza. Mkoa ulizaliwa 2012, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni mbili. Pia ikumbukwe kwamba maabara humhesabu aliyefika tu. Mama aliyeona uvimbe wakati wa palizi ya pamba, akasubiri mauzo ili apate nauli, kisha akaishia kwa mganga wa jadi, hayumo katika wale 328. Kwa hiyo takwimu za Bugando, pamoja na ubora wake, ni za walioweza kusafiri.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapotofautiana na wanaodhani kwamba tatizo ni uchache wa tafiti. Mengi yamekwisha kujulikana. Makala hizo mbili zinasomwa bure kwenye intaneti, ila kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye ndiye wa kwanza kusikia siri ya mama huyo, hawezi kuzitumia. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye maelezo ya uvimbe upi usisubiri na mgonjwa apelekwe wapi, ingekuwa chapisho lenye ushawishi kuliko manukuu mia. Na isiseme habari za vikongwe pekee, maana kama wastani ni miaka 49, wapo wengi walio chini ya hapo, bado wananyonyesha na kulima.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza malengo matatu: asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. La pili ndilo linaloweza kusimamiwa kuanzia sasa. Wakuu wa afya wa mkoa na halmashauri zake wanaweza kuandika tarehe mbili tu katika daftari: siku mama alipofika na uvimbe, na siku alipopewa majibu. Pale kinyama kinapolazimika kusafirishwa kupitia Lamadi hadi Mwanza, siku za njiani nazo zihesabiwe, zikiwamo zile ambazo chupa imekaa mezani ikingoja gari.