Alama ya ufunguo kwenye simu ya frateri

Jumapili moja baada ya Misa ya pili, katika parokia mojawapo ya Mpanda Mjini, kijana wa VIWAWA alimvuta pembeni frateri aliyekuwa kwenye kazi za kichungaji akamwuliza: "Frateri, kutumia VPN ni dhambi?" Frateri alicheka. Kisha akakumbuka kwamba juu kabisa ya kioo cha simu yake mwenyewe, karibu na saa, kulikuwa na kialama cha ufunguo, naye akakosa jibu. Aliporudi seminarini alituletea swali hilo sisi tunaoandaa jarida hili. Tumelibishania kwa wiki mbili, na hatukukubaliana katika yote.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanakitumia bila kujua kinafanya nini. Ukifungua ukurasa wowote, ombi lako hupita kwanza kwa kampuni ya simu uliyonunua bando kwake. Kurasa nyingi siku hizi zina alama ya kufuli, kwa hiyo kampuni haisomi unachoandika humo, lakini inaweza kujua umekwenda tovuti gani na saa ngapi. VPN huitia barua yako ndani ya bahasha ya pili iliyofungwa, ikaipeleka kwenye kompyuta ya mbali, labda Uholanzi au Afrika Kusini. Huko bahasha ya nje hufunguliwa na barua ikaendelea na safari yake. Kampuni ya simu inaona tu kwamba unawasiliana na kompyuta ile. Tovuti nayo inadhani uko Uholanzi, kumbe umekaa Makanyagio.

Aliyepanda treni ya SGR kwenda Dodoma anayajua mahandaki ya Kilosa. Ukiwa ndani ya handaki, aliye nje hakuoni. Lakini mkagua tiketi yumo ndani pamoja nawe, naye anajua umekaa kiti kipi. Hapo ndipo penye jambo lote, na hapo ndipo wengi wetu tulikuwa hatujafika. VPN haikufichi kwa kila mtu. Inakuficha kwa kampuni ya simu, kisha inakukabidhi kwa mwenye handaki.

Huyo mwenye handaki ni nani? Kama programu uliipata bure, na ndivyo ilivyo kwa karibu kila simu tuliyoiona, jibu ni kwamba humjui. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua programu iliyoitwa Onavo, ambayo iliwaahidi watu kulinda data zao. Kumbe ilikuwa ikiipelekea Facebook habari za programu nyingine ambazo watu hao walizitumia, ili kampuni ijue washindani wake wanakwendaje. Apple waliiondoa dukani mwao mwaka 2018, na Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili zilizo chini ya Meta zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Na huyo alikuwa mwenye handaki anayejulikana, mwenye ofisi na mawakili. Je, yule asiye na anwani, anayekuonyesha matangazo ya kamari kila unapobonyeza "unganisha"? Kuendesha kompyuta hizo kunagharimu fedha, na kama hukulipa wewe, kuna anayelipa kwa sababu zake.

Hata hivyo hatutaki kuwacheka walioingia handakini, kwa sababu hawakuingia kwa kupenda michezo. Oktoba 2020, mkesha wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa, na VPN ikawa neno la kila kijiwe. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa hapa nchini, na serikali ilieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono. Sababu hiyo ina uzito kwetu, maana tunaona maungamoni na katika ushauri madhara ya picha hizo. Lakini katika mtandao huohuo ipo akaunti ya Baba Mtakatifu tangu Desemba 2012. Mseminari anayetaka kuisoma kutoka Mpanda inambidi apite njia ileile ya mtu anayetafuta uchafu. Kisha ilipofika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hapo hata handaki halikusaidia, kwa kuwa barabara yenyewe haikuwapo. Wenye ndugu Dar es Salaam na Mwanza wanakumbuka siku zile, simu iko mkononi na hujui kama mwanao yu hai.

Sasa sheria. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huohuo. Taarifa ilitaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, na adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sisi ni wanafunzi wa Mtume Paulo aliyewaandikia Warumi kuhusu mamlaka, na hatutamwambia kijana yeyote apuuze sheria. Tunamwambia aijue. Lakini kujua hakutuzuii kusema kwamba sheria hii inakamata chombo mahali pa tendo. Benki na hospitali hutumia handaki hilohilo kulinda taarifa za wateja na wagonjwa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa inakataza kuvunja haki ya mtu kulinda mambo yake ya siri. Tungependa sheria imwulize mtu alifanya nini humo ndani. Kumwuliza kwa nini amefunga mlango ni jambo lingine, maana kila mwenye nyumba hufunga mlango. Walei wenye taaluma ya sheria katika majimbo yetu wana kazi hapa, tena waifanye kwa majina yao na kwa barua zilizosainiwa.

Hapo ndipo tulipogombana kweli: seminarini kwetu. Tukiri kwamba baadhi yetu tuliweka VPN si kwa ajili ya Baba Mtakatifu. Tuliiweka ili kuruka kizuizi ambacho walezi wameweka kwenye intaneti ya seminari. Mmoja wetu alidai kwamba hiyo pia ni faragha. Wengine tulikataa, na tunaendelea kukataa. Siri ya mtu na mlezi wake wa kiroho ina mlango unaofunguka kwa hiari, lakini kificho hakina mlango. Anayejiandaa kukaa katika kiti cha kitubio na kubeba siri za watu maisha yake yote hawezi kujifunza kazi hiyo kwa kumdanganya gombera.

Kwa upande wa pili, tunawaomba walezi wetu kwa heshima: mkiona ufunguo kwenye simu ya frateri, msianze na kumnyang'anya simu na kuipekua. Mwulizeni. Huenda alikuwa kwenye intaneti ya bure ya nyumba ya wageni akaogopa kuibiwa nywila. Huenda ana jambo zito analotafuta njia ya kulisema.

Wazazi na viongozi wa jumuiya wametuuliza pia kuhusu WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa tangu mwaka 2016, mwandishi na mwandikiwa tu ndio wanaousoma, na VPN haiongezi siri yoyote katika maneno hayo. Anayevujisha habari za jumuiya kwa kawaida ni mwanajumuiya mwenyewe anayepiga picha ya kioo na kuirusha kundi jingine. Kwa hilo hakuna programu.

Frateri wetu alirudi parokiani Jumapili iliyofuata akamtafuta yule kijana. Alimwambia kwamba handaki lenyewe si dhambi, na kwamba sheria inataka lisajiliwe. Kisha alimwomba simu, wakatafuta pamoja jina la mwenye ile programu ya bure. Hawakulipata. Kijana aliifuta palepale nje ya kanisa, na frateri akatoa simu yake mfukoni akaifuta ya kwake pia.