Kocha mgeni, tumempa jembe?

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa hapa Mtwara mjini. Nimeufupisha, na nimeondoa jina la mtaa na la timu, asije akapata maneno nyumbani.

"Shikamoo. Mume wangu ni mjumbe wa kamati ya timu ya mtaani kwetu. Kijana wetu ana miaka 16, anaichezea timu hiyo, ni beki. Tumepata kocha mpya, hana hata miezi miwili. Timu imecheza mechi tano, imefungwa nne, imetoka sare moja. Jumapili kamati inakaa kuamua aondoke au abaki. Baba anasema aondoke. Kijana anasema kocha akiondoka na yeye anaacha mpira. Sasa wiki ya pili hawasemezani. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anatoka. Mimi mpira siujui. Nifanye nini?"

Marahaba, mama. Unasema mpira huujui, lakini jambo lenyewe unalijua vizuri kuliko unavyodhani. Ni suala la mtu aliyepewa kazi, kazi haijaenda, na wakubwa wanataka kuamua hatima yake. Kijana wako anaangalia wakubwa wanavyoamua.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi wanaikumbuka methali hii kwa upande wa mgeni tu, kwamba siku ya tatu afanye kazi asikae bure. Lakini ina upande wa mwenyeji pia. Mwenyeji ndiye anayetoa jembe. Kama hukumpa, huwezi kumlaumu kwamba shamba halijalimwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa baba ni hili: kocha huyu amepewa nini? Mipira ya mazoezi ipo mingapi? Wachezaji wanafika mazoezini wote, au nusu wako kwenye bodaboda na wengine wameenda shamba? Nauli ya mechi za mbali inatoka kwa nani? Na wachezaji aliokuta, alichagua yeye au alikabidhiwa orodha ya kamati? Ukipata majibu ya maswali haya, utajua kama timu inafungwa kwa sababu ya kocha au inafungwa huku kocha naye akiwa amesimama pembeni akishangaa kama wengine.

Watu wa Mtwara hatuhitaji kwenda mbali kujifunza. Ndanda FC yetu ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, tukawaona Simba na Yanga wakija kucheza Nangwanda Sijaona. Watoto waliozaliwa miaka ile walikua wakijua kwamba Ligi Kuu ni jambo la nyumbani. Mwisho wa msimu wa 2019/20 timu ikashuka daraja, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United. Ukikaa vijiweni leo utasikia kila mtu ana kocha wake wa kumlaumu.

Lakini tuangalie mazingira. Ligi ya msimu wa 2018/19 ilikuwa na timu 20, kila timu mechi 38, na msimu ule ligi haikuwa na mdhamini mkuu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na huo ni mwanzo tu wa safari kwa timu inayokwenda Bukoba au Mwanza. Ni msimu uleule ambao biashara ya korosho ilivurugika, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa wakisubiri malipo. Mji unaoishi kwa korosho ukikosa hela, hata mlango wa uwanja unajua. Hakuna kocha anayeweza kutibu hayo kwa kubadilisha mfumo wa uchezaji.

Sasa geuza macho uangalie majirani zetu wa Lindi. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu uleule wa 2019/20 ambao Ndanda ilishuka, ikamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani. Kocha alikuwa Hitimana Thierry. Mwishoni mwa 2020 akaondolewa, akaja Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco, na timu ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Baba anaweza kuuchukua mfano huu akasema, unaona, walibadilisha na mambo yakaenda. Ni kweli. Ila aliyekuja alikuta timu iliyokwisha jengwa, yenye uwanja wake na watu wa kuisimamia. Alipokea jembe lenye mpini. Na hata hivyo, kwenye makundi walifungwa mechi zote sita, kwa sababu kule walikutana na klabu kama Raja na Pyramids zenye miaka na fedha nyingi zaidi. Morocco hakugeuka kuwa kocha mbaya ndani ya wiki chache.

Klabu kubwa nazo zina somo. Simba walimwondoa Patrick Aussems Novemba 2019, miezi michache baada ya kutolewa Afrika na UD Songo ya Msumbiji, na bado msimu ule wakachukua ubingwa chini ya Sven Vandenbroeck. Miaka minne baadaye, Novemba 2023, walifungwa 5-1 na Yanga wakamwondoa Robertinho. Akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka kabla msimu haujaisha, na Simba wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Klabu ileile, mara ya kwanza mabadiliko hayakuleta madhara, mara ya pili yalileta.

Yanga wao walipitia njia nyingine. Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021. Julai akafungwa na Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kigoma. Septemba akatolewa Ligi ya Mabingwa na Rivers United ya Nigeria, mechi zote mbili wakifungwa bao moja. Mama, hata kama huujui mpira, nadhani unakumbuka kelele za wakati ule. Angeondolewa, wengi wangeona ni haki. Uongozi ukambakiza na ukampa wachezaji. Msimu huo wa 2021/22 Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi, baada ya kuukosa tangu 2017. Mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kule Uingereza nako, Alex Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986 na kombe lake la kwanza alilipata 1990.

Ona kwamba Nabi hakubakizwa tu akaachwa akae. Alibakizwa na akaongezewa nguvu. Kumbakiza kocha bila kumsaidia ni kumchelewesha tu kufukuzwa.

Na kuna tofauti kati ya klabu kubwa na timu ya mtaani kwenu. Klabu kubwa ikimwondoa kocha, kesho yake inaita mwingine kwa ndege. Timu ndogo ikimwondoa kocha, inamtafuta mtu mwingine wa kujitolea, wachezaji wanaanza kujuana naye upya, na wale vijana wawili watatu waliokwisha kumwamini wa kwanza wanakaa nyumbani. Ndiyo maana timu dhaifu ndiyo inayopaswa kuwa na subira zaidi, ingawa ndiyo inayokuwa na subira kidogo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba abaki, lakini kwa makubaliano. Kamati ikae naye Jumapili, isikae kumjadili akiwa hayupo. Impe muda unaojulikana, mathalani hadi mwisho wa mzunguko huu wa mechi. Wakubaliane mambo ya kuangalia ambayo yako mikononi mwake: mazoezi yafanyike kwa siku zilizopangwa, wachezaji waongezeke badala ya kupungua, timu iache kufungwa mabao yaleyale kila wiki, nidhamu iwepo. Na kamati nayo iandike yaliyo mikononi mwake: mipira, nauli, maji, uwanja. Muda ukifika, pande zote mbili zisomewe. Hapo akiondoka, ataondoka kwa haki na hakuna kijana atakayesema ameonewa.

Mkulima wa korosho ananielewa. Mkorosho mchanga hauuliwi kwa kuwa mwaka wa kwanza haukuzaa. Na mkorosho mkubwa ukipata ubwiriunga, mwenye shamba anajiuliza kwanza kama alipuliza salfa, kabla hajachukua shoka.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji mwisho wa mzunguko, na hapa nazungumza na wazazi wote wenye watoto viwanjani. Kocha anayewapiga watoto, anayewatukana wazazi wao mbele yao, anayemshika mtoto vibaya au kumwita peke yake nyumbani kwake, anayekuja mazoezini amelewa, anayekula michango: huyo aondoke leo, hata kama timu inaongoza kwa pointi kumi. Na lile la kumshika mtoto vibaya haliishii kwenye kamati, linakwenda dawati la jinsia pale polisi. Mzazi anayevumilia mambo hayo kwa sababu timu inashinda ameuza mtoto kwa kombe la bati. Muulize kijana wako kwa utulivu, mkiwa wawili. Kama hakuna la aina hiyo, basi mnachojadili ni matokeo tu, na matokeo yanaweza kusubiri.

Sasa tuje sebuleni kwako, maana ndiko kunakouma.

Baba si adui wa kocha. Nadhani anaona aibu. Mjumbe wa kamati anapopita kijiweni Jumatatu asubuhi baada ya kipigo, yeye ndiye anayeulizwa. Kocha hayupo pale, yeye yupo. Kusema "aondoke" kunampa cha kuwajibu watu. Wewe msaidie kupata jibu lingine. Usiku watoto wakishalala, mwambie taratibu: "Baba fulani, ukiwaambia tumempa hadi mwisho wa mzunguko na tumekubaliana hivi na hivi, nani atakuona mnyonge?" Usimwambie mbele ya kijana. Mwanaume aliyekosolewa mbele ya mwanawe hatabadili kura yake, hata akijua amekosea.

Na kuna jambo lingine ambalo baba anapaswa kulisema mwenyewe kwenye kikao kabla ya kupiga kura: kwamba mwanawe ni mchezaji wa timu ile. Wajumbe wote wanajua, lakini likisemwa linakuwa wazi. Akipiga kura ya kumwondoa, wasiseme ni kwa sababu mtoto aliwekwa benchi. Akipiga ya kumbakiza, wasiseme ni kwa sababu mtoto anapangwa.

Kijana naye ana la kuambiwa. Kumpenda kocha wake ni vizuri. Katika umri ule, mtu mzima wa nje ya nyumba anayemwamini mtoto ni msaada mkubwa kwa mzazi. Ila kutishia kuacha mpira ni kumfanya baba yake achague kati ya kamati na mtoto. Mwambie hivi: "Mwanangu, una maoni, kayaseme. Ila kayaseme kwa adabu, na useme unachokijua." Yeye ndiye yuko mazoezini. Anajua kama kocha anafundisha au anapiga porojo. Mwambie amweleze baba yake mambo matatu aliyojifunza kwa kocha huyu ndani ya miezi hii miwili. Beki anayeweza kueleza kwamba zamani alikuwa anafuata mpira, sasa anafuata mtu, atamfundisha baba yake kitu ambacho matokeo hayajaonyesha. Na akikosa hata kimoja cha kusema, basi hilo nalo ni jibu, na baba ana haki ya kulisikia.

Mwishowe kura inaweza kupita kinyume na anavyotaka kijana. Hapo mzuie asiache mpira. Mwambie kocha akiondoka, alichomfundisha kinabaki miguuni kwake, na njia nzuri ya kumshukuru ni kukitumia. Ampelekee salamu ya kuagana. Watoto wetu wengi hawajawahi kuona mtu mzima akiondolewa kazini kwa heshima. Wameona makelele tu, na wanadhani ndivyo inavyofanyika.

Mama, kikao ni Jumapili. Leo bado una usiku kadhaa wa kuzungumza na baba na jioni kadhaa za kuwakalisha wawili hawa kwenye sahani moja. Anza na sahani. Suala la kocha litafuata.