Muziki ni Elimu na ni Riziki

Bado wapo wenzetu wanaodhani kuwa muziki haufundishwi, ila mtu huzaliwa nao. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango yake Unguja mwaka 2002, kimekwisha kuwajibu. Hapo kijana hujifunza kusoma na kuandika noti, hufuata maqamu kwa udi na kanuni, na huelezwa taarab ilikotoka: tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905 hadi Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurikodi santuri mwaka 1928.

Lakini mvuvi asiyejua bei ya mnadani huvulia wengine. Vivyo hivyo, fundi wa udi asiyeweza kusoma mkataba hupiga yeye, wakala wengine. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 ipo, lakini haimfai asiyeijua.

Isitoshe, mwaka 2019 misaada ya wahisani ilipopungua, Chuo hicho kilihofiwa kufungwa. Urithi wa taifa hauwezi kutegemea huruma ya wageni.

Kwa hiyo tunawashauri wahusika mambo mawili. Kwanza, Serikali itenge fungu la kudumu kwa ajili ya mafunzo ya muziki. Pili, mikataba, hakimiliki na uwekaji hesabu vipewe uzito ule ule wa noti na historia. Nasi wazazi tuache kumwita mhuni kijana anayebeba fidla kwenda darasani.

Urithi hautunzwi kwa kusifiwa majukwaani. Hutunzwa kwa kufundishwa, na kwa kumlisha aliyejifunza.