Meli ya Baruti Si Ghala Linaloelea

Makala inayodai kuwa meli yoyote ya mizigo yaweza kubeba mabomu ikiongezewa winchi tu imepotoka. Kwa mfano, meli ya Marekani USS Mount Hood ilianza kujengwa kama meli ya mizigo, ikageuzwa kuwa ya silaha. Tarehe 10 Novemba 1944, katika kisiwa cha Manus, ililipuka na takriban tani 3,800 za shehena, ikachimba handaki lenye urefu wa takriban mita 300 kwenye sakafu ya bahari.

Mwandishi wa makala hiyo atasema wachunguzi wa mlipuko huo walishuku upakuaji wa ovyo, si muundo. Naam, na hapo ndipo hoja yake inapozama: mikono ya mabaharia huchoka, kwa hiyo vinyunyizio vya maji, lifti na mbao za kuzuia cheche vipangwe tangu kwenye ramani. Baruti haisamehe viraka.