Debi ya Meru na Embu: geuza kamera, msee

Wasee, tuongee ukweli. Chuo Kikuu cha Meru, pale Nchiru, kikikutana na cha Embu, kelele huanza mapema. Wale miraa, hawa muguka, na kila upande unaapa kwao ndiko mpira ulizaliwa. Poa sana. Sasa nikuulize: mara ya mwisho walipokutana iliisha ngapi? Nani alifunga? Kimya.

Hapo ndipo naumia. Debi ya Gor na Leopards ni ya tangu 1968, na hata sisi ambao hatukuwa tumezaliwa tunaisimulia, kwa sababu kuna watu waliandika. Vyuo vyetu bado vichanga: Meru ilikuwa chuo kikuu kamili 2013, Embu 2016. Historia ndiyo kwanza inaanza, na tunaiacha ipotee hivi hivi.

Beshte yangu ni straika. Kocha wa klabu fulani alimwitisha klipu za mabao yake. Mabao alikuwa nayo, klipu hana. Na siku hizo zote tulikuwa kando ya uwanja na simu mkononi, tukijipiga picha wenyewe. Mimi pia. Nafasi ikaenda hivyo.

Kwa hivyo mechi ijayo, geuza kamera. Rekodi bao, andika jina la mfungaji, matokeo na tarehe, kisha posti. Hata kama aliyefunga ni wa upande ule. Hasa huyo, maana siku tukilipiza, lazima watu wajue tulikuwa tunalipiza nini.