Habari za Nyumbani: Mume Anyamazapo



Mwezi huu tulikusudia kusema habari ya sala za jioni, lakini jambo moja limetuzuia. Mama mmoja wa upande wa Bunda alitujia akilia. Alilima pamba pamoja na mumewe, akapalilia, akachuma hata vidole vikachubuka. Mume akaipeleka mizani, akapokea fedha, akarudi, akala, akalala. Siku tatu hakutamka neno. Siku ya nne mama yule akasikia kisimani ya kwamba mumewe ameonekana Musoma mjini. Basi moyo wake ukajitungia habari iliyosalia: yuko mwanamke huko.

Tukamwendea mume, naye akastaajabu sana. Fedha yote alikuwa amemlipia mdogo wake deni la mahari, ambalo wakwe wakaao Musoma walilidai tangu mwaka jana. Akatuuliza, "Nimekosa nini, Mwalimu? Sikuinywea pombe." Kweli, hakuinywea. Walakini kopo la chumvi lilikuwa tupu, na mtoto alikuwa hana sare ya shule.

Wanaume wengi wa kwetu, nasi tumo, twadhani kunyamaza ndio uanaume. Shida ikitupata twaichukua peke yetu, twafikiri twamhurumia mke. Kumbe yeye aona amefungiwa mlango. Naye mke mara nyingi hasemi waziwazi. Humwambia mtoto, "Mwambie baba yako chumvi imekwisha," na baba ameketi pale pale, hatua mbili. Ama ugali huchelewa. Sisi wenyewe tulikula ugali wa namna hiyo juma zima kabla ya kufahamu kwamba tumekwisha shtakiwa na kuhukumiwa. (Akina mama, tuchekeni; twastahili.)

Mtu asituambie kwamba fedha na kazi ni shauri la mume peke yake. Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alimwoa Mama Maria mwezi wa Januari 1953. Mwaka 1955 akaacha ualimu huko Pugu kwa ajili ya kazi ya TANU, na mshahara ukakoma. Jambo kama hilo mke akilisikia kwa jirani, nyumba yaweza kuanguka. Tena Azimio la Arusha la 1967, lilipomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, lilimhesabu pamoja na mwenzi wake. Kiongozi gani angaliweza kulishika bila kuzungumza na mkewe?

Tuwarudie watu wetu wa Bunda. Tuliwaketisha wote wawili mkekani, mume akaeleza kila shilingi ilikokwenda. Tulingoja matusi. Mke akasema polepole, "Baba Fulani, ningalikubali. Shemeji ni mtoto wangu. Mbona hukuniuliza?" Yule bwana akainama kitambo kirefu. Kisha akasema msimu ujao watakwenda mizani pamoja.

Juma lililofuata tulipita kwao jioni. Mama alikuwa jikoni, akamwambia mtoto, "Mwambie baba yako aje ale." Baba akaitika mwenyewe kabla mtoto hajafumbua kinywa.

Habari ya sala za jioni, Mungu akipenda, mwezi ujao.