"NANI KAKWAMBIA?" NI SWALI LA BWANA SHAURI

Ndugu wana-Chama wa Songea na wa Ruvuma nzima, wako watu miongoni mwetu, na wengine wamevaa sare ya Chama, ambao wakisoma habari mbaya gazetini hawaulizi, "Je, ni kweli?" Wao huuliza, "Nani kamwambia mwandishi?" Swali hilo tunalijua. Ndilo alilokuwa akiuliza Bwana Shauri enzi za mkoloni. Likiulizwa na Mwafrika anayejitawala haligeuki kuwa swali jema.

Sisi wa Songea hatuna haja ya kufundishwa hasara yake. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye makaburi ya mashujaa, kukumbuka siku ile ya mwaka 1906 Wajerumani walipowanyonga mababu zetu kwa wingi. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa mwaka huohuo. Ni nani aliyeandika habari za siku zile? Aliyeshika kamba ndiye aliyeshika na kalamu. Wazee wetu walinyamaza, maana kusema kulikuwa kujitafutia kitanzi. Mpaka mwaka 1968 ndipo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipozunguka vijijini kuwauliza wazee waliobaki habari za Maji Maji. Miaka 62! Wangapi walikuwa wamekwisha kuzikwa na ushahidi wao? Hiyo ndiyo hasara ya vita isiyo na mwandishi, na ya shahidi asiye na mlinzi.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa serikali ya kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Habari za maovu ya wakoloni zilifikaje kwa Chama? Hazikuanguka kutoka mbinguni! Zililetwa na wakulima, makarani na akina mama, watu waliosema kwa kunong'ona kwa sababu waliamini kwamba majina yao yatahifadhiwa. Kama Chama kingekuwa na desturi ya kumpelekea Bwana Shauri orodha ya majina hayo, nani angethubutu kukiambia neno la pili?

Sasa tutazame siku zetu. Mwaka 2017 Kibiti na Rufiji zilikuwa katika hofu kubwa. Viongozi wa vijiji walikuwa wakiuawa, na mwezi wa Aprili askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, alikuwa akiandika habari hizo akiwa hukohuko. Tarehe 21 Novemba 2017 akatoweka. Mkewe alieleza kwamba mara ya mwisho alimwona akiwa na watu asiowajua, ndani ya gari jeupe. Mwaka 2019 Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Kisha ikaelezwa kwamba maneno hayo hayakueleweka sawasawa. Familia yake ifuate neno lipi?

Na si Azory peke yake aliyeguswa. Fikirini juu ya kila mwanakijiji aliyewahi kumwambia jambo. Atalalaje usingizi, asijue daftari na simu ya mwandishi vimo mikononi mwa nani? Mwandishi mmoja akitoweka, vinywa mia vinafungwa.

Jambo hili liko hata ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa majirani ambao wakimbizi wao tuliwapokea wakati wa vita vya ukombozi. Huko Cabo Delgado, mwezi wa Januari 2019, mwandishi wa redio ya wananchi, Amade Abubacar, alikamatwa Macomia alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia vita. Alikaa kizuizini mpaka Aprili. Tarehe 7 Aprili 2020 mwenzake wa Palma, Ibraimo Mbaruco, alituma ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi. Ukawa ujumbe wake wa mwisho.

Watasema, "Usalama wa nchi kwanza!" Sawa, hata sisi hatutaki wauaji wafichwe. Lakini katika nchi yenye vita, mwanakijiji anawaogopa wenye bunduki wa pande zote mbili. Akionekana kituo cha polisi, usiku huo anaweza kufa. Mwandishi anayejulikana kuwa hataji jina ndiye pekee atakayeambiwa ukweli, na ukweli huo ndio serikali yenyewe inauhitaji. Mwandishi akigeuzwa mpelelezi, serikali haipati mpelelezi wa pili. Inampoteza mwandishi, na inabaki kiziwi.

Haya si mawazo ya watu laini. Itifaki ya Geneva ya mwaka 1977 inamhesabu mwandishi aliye vitani kuwa raia. Mwaka 2002 mahakama ya The Hague, iliyokuwa ikihukumu makosa ya vita vya Yugoslavia, ilikataa kumlazimisha mwandishi wa Kimarekani, Jonathan Randal, atoe ushahidi. Majaji waliona kwamba waandishi wa vita wakifanywa mashahidi wa mashtaka, watu wataacha kusema nao, na wao wenyewe watawindwa. Ikiwa mahakama ya wauaji wakubwa namna ile iliweza kujizuia, ofisi ya wilaya inashindwa nini?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, wabunge wetu wasimamie sheria iseme waziwazi kwamba hakuna askari wala mkuu wa wilaya atakayemlazimisha mwandishi kutaja aliyempa habari, au kumnyang'anya daftari na simu yake. Pili, serikali ieleze kwa ukamilifu yaliyompata Azory Gwanda. Tatu, wenye magazeti wasiwapeleke vijana wa mikoani penye risasi kwa malipo ya kila habari, bila bima, bila gari, bila mtu wa kuwauliza jioni kama wamefika salama.

Na wewe mwana-Chama, siku utakaposikia katika mkutano wa tawi mtu akiuliza, "Nani kakwambia?", simama umjibu: "Ndugu, kwanza tuambie kama ni uongo." Wajukuu wetu wasingoje miaka 62 kuambiwa yaliyotokea katika nchi yao wenyewe.

Uhuru na Umoja!